Ukiandika Jina, Kitu Kinazaliwa: Kutoka Oslo hadi Kericho

Wasee, leo tuongee juu ya mstari mmoja wa msimbo. Mmoja tu. Ukiuelewa huo, utaelewa kwa nini mafundi wa kompyuta dunia nzima walikosa usingizi Desemba 2021, na utakuwa na macho mapya ya kuangalia kitu serikali ya mkoloni ilifanya hapa kwetu Kericho mwaka 1934.

Mstari wenyewe unafanya hivi: unaipa kompyuta jina la klasi, likiwa maandishi tu kama yale unaandika WhatsApp, na kompyuta inakuundia kitu cha klasi hiyo. Basi. Unaandika jina, kitu kinazaliwa.

Kwa wale hawaandiki programu, msitoroke. Klasi ni aina, kitu ni mmoja wa aina hiyo. Kwa shamba la chai, aina ya mche ndiyo klasi, na ule mche wenyewe uliosimama kwa mtaro karibu na nyumba ya shosho ndio kitu. Kawaida mwandishi wa programu hutaja klasi moja kwa moja ndani ya msimbo: unda Mkulima mpya, unda Gunia jipya. Majina yote yanajulikana kabla programu haijaanza kutembea. Lakini kuna siku haujui mapema utahitaji klasi gani. Jina litakuja baadaye, kutoka kwa faili, kutoka kwa fomu mtu amejaza, ama kutoka mtandaoni.

Chukua programu ya kulipa wakulima wa majani chai. Mwingine analipwa kwa M-Pesa, mwingine benki, mwingine SACCO. Njia ya mkono ni kuandika: kama ni M-Pesa fanya hivi, kama ni benki fanya vile, kama ni SACCO fanya hivyo. Mwaka ujao ikija njia mpya, unarudi kufungua msimbo wa zamani na kuongeza "kama" nyingine. Baada ya miaka mitano una makama arobaini na hakuna mtu ofisini anataka kuyagusa. Njia ya ujanja ni hii: chukua neno "Malipo", unganisha na kile kilichoandikwa kwa rekodi ya mkulima, upate "MalipoMpesa" ama "MalipoSacco", halafu uambie kompyuta itafute klasi ya jina hilo na kuunda moja. Njia mpya ikija unaongeza klasi mpya pembeni. Msimbo wa zamani haujui, na haihitaji kujua.

Sasa, mtoto wa Kipsigis akisikia hiyo anacheka, juu sisi tumeishi ndani ya mfumo kama huo tangu tuzaliwe. Chukua "Kip" kama ni mvulana, "Chep" ama "Che" kama ni msichana, halafu unganisha na hali ilivyokuwa wakati wa kuzaliwa. Alfajiri: Kipkoech, Chepkoech. Mvua inanyesha: Kiprop, Cherop. Ng'ombe wanarudi boma: Kiprotich, Cherotich. Mimi ni Kiprono, yaani nilikuja mbuzi na kondoo wakirudi nyumbani jioni, ingawa mbuzi ninaowajua vizuri ni wale wa kuchoma. Na mfumo hauvunjiki dunia ikibadilika. Wazungu walipokuja na hospitali zao, hakuna aliyeitisha mkutano wa wazee kurekebisha sheria. Sehemu mpya iliunganishwa, tukapata Kipchumba na Chepchumba. Hiyo ndiyo "MalipoMpesa" ya wazee wetu.

Kuna jina lingine ambalo wengi wetu wa mjini hatulijui vizuri. Katika kurenet, akina mama wazee walitaja majina ya wahenga waliokufa, moja baada ya lingine, mtoto akiwa amepakatwa. Jina ambalo mtoto alipiga chafya likitajwa, hilo ndilo lake. (Wakati mwingine ugoro ulisaidia chafya ifike. Hakuna mfumo usio na njia ya mkato.) Angalia vizuri ni nini kinaendelea hapo. Jina linatajwa kwa sauti, na kuna mtu anayejibu kama linamhusu. Pia si mtu yeyote anaingia kutaja jina lolote. Anayetaja anajulikana, na majina yanatoka kwa ukoo. Shika hiyo mkononi, tutaihitaji.

Turudi kwa mashine. Wazo la klasi na vitu lilitoka Norway. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, wa Kituo cha Kompyuta cha Norway pale Oslo, walitengeneza lugha ya Simula miaka ya 1960, na toleo la 1967 ndilo lilileta klasi kama tunavyozijua leo. Walitaka kuiga mambo ya dunia halisi ndani ya kompyuta, vitu vinavyopanga foleni na kungojana. Kwa Simula ulikuwa unasema "mpya" halafu jina la klasi, na kitu kinatokea. Lakini jina hilo ulilazimika kuliandika wewe mwenyewe, mapema, ndani ya programu.

Waliofungua mlango ni watu wa Xerox kule Palo Alto, California: Alan Kay, Dan Ingalls, Adele Goldberg na wenzao, kwa lugha ya Smalltalk miaka ya 1970. Kwa Smalltalk klasi yenyewe ni kitu. Iko hai ndani ya mfumo programu ikitembea, na kuna kamusi kubwa ambapo kila klasi inapatikana kwa jina lake. Unaiuliza kamusi, nani anaitwa hivi? Inakupa klasi, unaiambia iunde kitu kipya, inaunda. Kutoka hapo jina likawa kitu unaweza kubeba mfukoni, kupokea kwa barua, kuandika kwa faili. Mwaka 1982 Brian Cantwell Smith akaandika tasnifu nzima pale MIT kuhusu programu zinazoweza kujitazama zenyewe, na ndiyo maana hadi leo jambo hili linaitwa rifleksheni, kama sura yako kwenye maji.

Si kila mtu alipenda. Bjarne Stroustrup, aliyeanza kazi ya C++ mwaka 1979, alijenga lugha ambayo majina ya klasi kwa kawaida hayakungoji. Kompaila ikimaliza kazi, hakuna kamusi ya kuuliza. Ukitaka kuunda kitu kutoka kwa jina, unatengeneza daftari lako mwenyewe: jina hili, kiwanda hiki, jina lile, kiwanda kile. Kisichoandikwa kwa daftari hakipo. Watu wengi huona hiyo ni usumbufu. Mimi naona kuna hekima hapo ambayo tuliidharau haraka sana.

Halafu ikaja Java. James Gosling na wenzake wa Sun Microsystems waliitambulisha 1995. Mwanzo iliitwa Oak, baadaye ikapewa jina la kahawa, na sisi watu wa chai tumesamehe. Java ilikuwa na amri moja fupi, Class.forName: unaipa jina kama maandishi, inakutafutia klasi. Kama umesomea kompyuta na mwalimu wako alikuwa wa zamani kidogo, mstari huo uliunakili kila ulipotaka kuunganisha programu na hifadhidata, bila kuelewa unafanya nini. Ulichokuwa unafanya ni hiki: Java haikujua mapema utatumia hifadhidata ya kampuni gani, kwa hivyo ulitaja jina la klasi ya dereva, Java ikaenda kuipakia, nayo dereva ikajisajili yenyewe. Tangu Java 6 ya mwaka 2006 haikuwa lazima tena kuandika mstari huo, lakini watu waliendelea kuunakili kwa miaka, kama sala.

Wazo likaenea kila mahali. Spring, mfumo wa Java uliotoa toleo la kwanza kamili 2004, ulikuwa unaweka majina ya klasi ndani ya faili la maandishi na kujenga programu nzima kutoka hapo. PHP inakubali uandike "mpya" halafu jina lililo ndani ya kigezo. Wewe unayejifunza Python na Django, fungua faili lako la mipangilio uangalie ile orodha ya programu zilizosakinishwa. Ni maneno tu ndani ya alama za nukuu. Django inasoma maneno hayo na kuyageuza kuwa vitu vinavyofanya kazi. Nusu ya mtandao unaotumia kila siku imejengwa na watu waliokubali kwamba jina linaweza kuja baadaye.

Na mimi sipingi. Nimetoka eneo ambalo jambo hili lilileta pesa. Zamani chai ilipandwa kwa mbegu, na kila mche ulikuwa na tabia zake, mmoja unazaa sana, jirani yake hakuna kitu. Baadaye watafiti wakachagua mche mama mzuri, wakakata vipandikizi, kila kimoja na jani lake, na kila mche uliotoka hapo ukawa sawa na mama. Kila mama akapewa jina. Leo ukienda kwa kitalu, ama nasari venye wengi tunaita, hauulizi tu miche ya chai. Unaulizia 31/8, ama 6/8 inayosifiwa kwa ubora wa chai yake, ama ile ya zambarau, TRFK 306/1, iliyotolewa na watafiti wa Timbilil hapa Kericho mwaka 2011. Na tazama mwanzo wa majina kamili. TRFK ni taasisi ya utafiti wa chai. BBK 35 ni Brooke Bond Kenya. AHP S15/10 ni African Highlands Produce. Mbele ya jina kuna nani alitengeneza, hivyo namba mbili zikifanana hazichanganyikani. Java inafanya vilevile: jina kamili la klasi linaanza na mwenyewe, halafu nukta, halafu klasi. Watafiti wetu na mafundi wa Sun hawakuulizana, lakini walikuwa na shida moja wakapata jibu moja.

Kitalu kina kitu kimoja zaidi. Ukienda pale useme jina ambalo halipo, unaambiwa hakuna. Hawakuletei mche wowote tu wakauita jina ulilotaja. Java nayo iko hivyo: ukitaja klasi isiyopatikana inakataa, inatoa kosa, na usiposhughulikia kosa hilo programu inasimama. Hiyo ni tabia njema. Tatizo si jina lisilopatikana. Tatizo ni jina linalopatikana, wakati hakuna aliyeuliza limeletwa na nani.

Tarehe 24 Novemba 2021, Chen Zhaojun wa timu ya usalama ya Alibaba Cloud aliwaandikia watu wa Apache kuhusu Log4j. Log4j ni maktaba ya Java ya kuandika daftari la matukio: nani ameingia, nani amekosea nywila, saa ngapi. Kazi ya karani tu, hakuna mtu anaiota usiku. Ilikuwa imetumika ndani ya programu nyingi sana hivi kwamba kampuni kubwa zilianza kwanza kwa kujiuliza kama wanayo. Habari ilipotoka hadharani Desemba 9, kila mtu akaamka.

Shida ilikuwa hii. Tangu 2013 karani huyo alikuwa na uwezo wa ziada. Akikuta ndani ya ujumbe maneno ya muundo fulani, hakuyaandika tu kwa daftari. Aliyasoma kama amri: nenda kwa anwani hii, ulizia kitu cha jina hili. Anwani inaweza kuwa ya mshambuliaji. Seva ya mshambuliaji inajibu, klasi unayotaka inaitwa hivi, ipakue hapa. Java, hasa zile za matoleo ya zamani, inapakua, inaunda kitu, na katika kuunda huko msimbo wa mshambuliaji unatembea ndani ya mashine yako. Kwa seva za Minecraft ilitosha mtu kuandika maneno hayo kwa sanduku la mazungumzo la mchezo. Mtoto yeyote na kibodi yake. Udhaifu huo ulipewa alama 10 kati ya 10, na watu wa Log4j, ambao ni wa kujitolea na wana kazi zao zingine, walikaa macho wakirekebisha. Toleo la 2.16.0 lilitoka Desemba 13, na lile jambo la kusoma amri ndani ya ujumbe likaondolewa kabisa.

Yaani uwezo wa kuumba kwa kutaja jina ulikuwa umeachwa wazi kwa yeyote apitaye njiani. Akina mama wa kurenet wangeshangaa. Kwao anayetaja anajulikana.

Na hapa ndipo nawarudisha nyumbani, kwa sababu Kericho ilishaona mfumo wa aina hii miaka 87 kabla ya Log4j. Safari hii jina halikuletwa na mpita njia. Lililetwa na mwenye mashine.

Mwaka 1905 Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi aliyepinga reli na wakoloni, aliuawa na Richard Meinertzhagen. Alikuwa wa ukoo wa Talai, ukoo wa viongozi wa kiroho ambao kwa Kipsigis tunawaita orgoiyot, na Wanandi wanasema orkoiyot. Ndugu yake, Kipchomber arap Koilegen, alikuwa upande huu wetu. Mwaka 1914 serikali ilimhamisha yeye pamoja na viongozi wengine wawili wa Talai, na alifia Fort Hall, ambayo ni Murang'a ya leo, mwaka 1916. Huo ni ukatili, lakini ni ukatili wa kawaida wa dola: imewataja watu fulani, kwa majina yao, ikasema hawa ni hatari kwetu.

Mwaka 1934 ilifanya kitu tofauti. Ilitunga sheria, Sheria ya Kuwahamisha Walaiboni. Soma jina lake polepole. 1914 walitaja watu. 1934 walitaja klasi.

Na klasi yenyewe ilikuwa na jina la kukopa. "Laiboni" ni neno la Wamaasai, oloiboni. Wakipsigis hawakuwa na laiboni, walikuwa na orgoiyot. Serikali iliyotuandika sisi wenyewe kwa vitabu vyake kama "Lumbwa" (kituo cha reli cha Kipkelion kiliitwa hivyo) ilichukua jina la kazi kutoka kwa jirani, ikalibandika kwa ukoo mzima wa hapa. Orgoiyot ni cheo, mtu mzima mwenye kazi fulani katika jamii. Talai ni ukoo: una wanaume wasio na cheo chochote, una wanawake, una vichanga. Ukiiambia Java ikupe klasi isiyopatikana, inasimama. Sheria ya 1934 haikusimama. Iliendelea mbele na jina lisilo letu, na kwa kila mtu wa ukoo ule ikaunda kitu kipya kinachoitwa Laiboni wa kuhamishwa.

Watu wapatao 700 walitolewa na kupelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, katika Kaunti ya Homa Bay ya leo. Kwa mtu aliyezoea baridi ya Kericho, ile ni dunia nyingine: joto, malaria, mbung'o wanaoua ng'ombe. Na mtu wa Kipsigis bila ng'ombe si rahisi kueleza amebaki na nini.

Najua kuna msee saa hii anaandika kwa koment kwamba nalinganisha binadamu na msimbo. Hapana. Nasema sheria ile ndiyo iliwashughulikia hivyo, na mtu anayeandika msimbo ana macho ya kuiona haraka kuliko mtu mwingine. Kwa mfano, urithi. Kwa programu, klasi mtoto hurithi kila kitu cha klasi mzazi bila kuulizwa. Watoto waliozaliwa Gwassi kati ya 1934 na 1962 hawakuwa wamefanya jambo lolote, hawakuwa wameshauri vita yoyote, hawakuwa hata wameiona Kericho. Walizaliwa ndani ya klasi, kwa hivyo walikuwa watu wa kuhamishwa kabla hawajajua kutembea. Hakuna afisa aliyehitaji kuwahukumu. Jina lilifanya kazi yote.

Mambo haya hayakutokea kwenye ombwe. Baada ya Vita vya Kwanza, ekari zipatazo 25,000 za Kericho zilitengwa kwa maofisa Waingereza waliojeruhiwa vitani, wakajaribu kitani, wakashindwa. Miaka ya 1920 kampuni za chai zikaingia, Brooke Bond na ile ya James Finlay, na zile ridge za kijani ambazo leo mnapigia picha za harusi zikaanza kuchukua sura. Ukoo ambao watu waliusikiliza kuliko mkoloni, ukikaa katikati ya ardhi ya aina hiyo, ulikuwa kikwazo. Sisemi sheria ilitungwa kwa sababu ya chai peke yake. Nasema ilipendeza sana wenye chai.

Nimesikia jibu la kwamba tatizo lilikuwa jina baya, kwamba wangetumia neno sahihi mambo yangekuwa tofauti. Sikubaliani. Wangeandika "orgoiyot" kwa tahajia safi, bado lile gari lingekuja. Kwa Log4j, jina la klasi ya mshambuliaji pia lilikuwa sahihi kabisa, herufi kwa herufi. Maswali ya maana ni mengine. Nani anaruhusiwa kutaja jina? Orodha ya majina yanayokubaliwa iko wapi, na nani anaweza kuisoma? Aliyeitwa kwa jina hilo ana nafasi ya kukataa, kama mtoto asiyepiga chafya? Na kitu kikishaundwa kimakosa, kuna njia ya kukitengua?

Swali hilo la mwisho ndilo linaniuma zaidi. Mafundi wa Log4j walijua habari Novemba 24, na kabla ya katikati ya Desemba ule uwezo ulikuwa umeng'olewa. Talai waliruhusiwa kurudi karibu 1962, miaka 28 baadaye. Waliporudi, ardhi ilikuwa imesajiliwa kwa majina mengine. Wengi waliishia vijiji vidogo karibu na mji wa Kericho, bila hati ya shamba, wakitazama majani chai ng'ambo ya barabara. Sheria ya kuhamisha ilitajwa na kutekelezwa. Sheria ya kurudisha mahali ulipotoka haikuandikwa.

Kwa hivyo wewe unayejenga programu yako ya kwanza pale Bomet ama Nairobi, kama una sehemu inayopokea jina kutoka nje na kuunda kitu, fanya kama watu wa kitalu. Weka orodha ya majina unayoyajua. Likija lisilo kwa orodha, sema hakuna, na uandike ni nani alilileta. Ni mistari sita hivi. Na kama programu yako inapanga watu kwa aina, mkulima, mkopaji, mshukiwa, fahamu kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inaweka asili ya kikabila na kijamii ya mtu kwenye kundi la taarifa nyeti. Uwanja wa "ukoo" ndani ya fomu yako si mapambo. Kuna sehemu ya nchi hii ambapo uwanja mmoja kama huo, ukijazwa na mtu mwingine, ulitosha.

Mwaka 2019 Wakipsigis na Talai zaidi ya 100,000 waliweka majina yao kwa ombi lililopelekwa Umoja wa Mataifa. Mwaka 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa umoja huo waliiandikia Uingereza wakieleza wasiwasi wao. Agosti 2022 madai yakafikishwa Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, Strasbourg. Kwenye lile ombi hakuna mahali pameandikwa Laiboni mmoja, Laiboni wa pili, Laiboni wa tatu. Kuna akina Kiprono na Chepkoech, kila mtu na sahihi yake.